Mwenye Gari

Nilifungua sanduku
mwezi wa nane, usiku,
nitafute langu buku
la kumilikia gari.

Mchwa walishapitia,
tope wamepakazia,
wakaa na kujilia
kama kwamba ni futari.

Wamekula jina langu
na mwaka wa gari langu,
wakabakisha ukungu
na nusu yake nambari.

Proboksi yangu nyeupe,
sikusema mtu nipe,
wala si mume anipe:
ni ya ndoo za achari.

Miaka saba ya embe,
kumenya kwa kijiwembe,
mpaka Ziwa la Ng'ombe
niliuza kwa fahari.

"Sema mwizi," Bi Mgeni
kaninong'onea ndani,
"kesi za mchwa ni duni,
hazipigiwi muhuri."

Asubuhi nikafika
Makupa, nikaandika
kisa kilivyofanyika,
nikamwambia askari.

Akauliza: "Mwenyewe
kaenda wapi? Si wewe."
Nikasema: "Nielewe,
mimi ndiye mwenye gari."

"Hapa pana 'kupotea'
ama 'kuibwa', ongea;
'kuliwa' sikuzoea,
hakumo kwenye daftari."

Nikamwambia: "Baba'ngu,
sitii kiapo changu
ati mwizi kaja kwangu;
mchwa ndio mahodari."

Akacheka. Akaita
wenziwe watatu, sita;
kisa changu kikapita
toka meza hadi dari.

Mwisho akanisikia,
"potea" akaitia,
na mabano kufungia
"kwa mchwa", kwa hati nzuri.

Wakili yupo, hayupo,
feni yake si upepo;
nikala changu kiapo
ghorofa, Mwembe Tayari.

Mchwa wao wala hati,
nami kiapo cha dhati,
naye wakili ni noti:
kila mtu na futari.

Kisha wataka chesisi,
penseli na karatasi,
unakili, si kukisi,
herufi hata nambari.

Nikalala kwa mgongo
chini ya gari; udongo
ukaingia maungo,
mtandio wa hariri.

Nikapaka taratibu
penseli, na maajabu:
nambari ikanijibu,
ikatoka kwenye siri.

Nikajifuta machozi,
ya jasho tu, si majonzi:
chuma mchwa hawawezi,
wameshindwa, nikakiri.

Dirishani: "Mtandao
umelala. Nyie hao,
rudini mwezi ujao."
Tukajibu: "Haya, heri."

Nyuma yangu, bwana Chengo:
mke kafunga mlango,
hati ndani; naye shingo
upande, hana shauri.

Kaniuliza: "Niape
imepotea, nilipe,
ama nirudi, anipe
kwa magoti na uturi?"

"Nunua ule wa bei,"
nikasema, "hukosei;
mchwa tu hawangojei,
mtu huja kwa shauri."

Mwezi, na wa pili tena,
likaitwa langu jina;
karani akaniona,
akanyanyua muhuri.

Akachungulia nyuma
kama kuna wa kusema
kwa ajili yangu. Hima
nikajitaja, dhahiri:

"Soma," nikasema, "hapa:
ndiye yule aloapa,
na ada ndiye kalipa,
Mwanamkuu Jabiri."

Muhuri ukaanguka.
Wino haujakauka,
nikaisoma kwa shaka
mstari hadi mstari.

Sasa hati i batini,
nta tele ukingoni,
juu ya rafu jikoni,
ubavuni mwa achari.

Na kile kipande kile
cha mchwa, sikitupile;
nakiweka vile vile
kwenye kidroo cha gari.

Nikipita kwa foleni
Makupa, yule kazini
huniita dirishani:
"Mama Mchwa, mwenye gari!"