Chini Kidogo, Kulia

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafunga duka saa sita,
nageuza kibao, nazima taa ya mezani,
na saa arobaini na tatu za watu
zinabaki gizani zikibishana.

Sefu iko chini ya rafu ya betri.
Ndani: leseni, daftari la risasi, soksi ya sufu,
na ndani ya soksi, bastola,
robo tatu ya kilo,
kama kilo ya sukari ya mwenye duka mwizi.

Bwana Lobo aliinunua mnadani, mabaki ya jeshi,
pamoja na mablanketi na karabai mbili.
Mablanketi yaliliwa na nondo. Karabai ziliuzwa.
Hii aliipaka mafuta ya saa kwa unyoya wa kuku
miaka thelathini, asiipige hata mara moja.
Aliponiachia meza, lenzi na madeni
aliniachia na hii: "Mutinda, ni springi tu,
kama zile nyingine, ila ina hasira."

Ubavuni mshale mdogo, mwaka 1941,
na namba iliyolika nusu.
Nyundo yake haina kishungi. Walikikata
kisije kikanasa nguo ya mtu anayetoka mbio
katika kifaru kinachoungua.
Mwanangu wa mwisho alinisahihisha:
"Baba, sema *anayeungua*. Kifaru ni mnyama."
Sikujua nianzie wapi.

Kila mwaka ofisini wananiuliza upya:
sababu ya kumiliki? Naandika: usalama wa biashara.
Afisa anatazama vidole vyangu, anagonga muhuri.
Duka limevunjwa mara mbili,
na mara zote mbili nilikuwa Kayole, nakula.
Syokau alisema lake siku ya kwanza, hakurudia:
"Kitu hicho hakitalala nyumba moja na mimi."
Kinalala na saa.

Njiru, nyuma ya machimbo ya mawe.
Sajini mstaafu Lokeno ananihesabia sita kiganjani
kama muuguzi na vidonge.
Vijana wenye bastola mpya za plastiki
wanamimina kumi na saba, wanapigana picha,
nami bado naivunja yangu kiunoni,
inainama, vyumba sita wazi.

Kifyatulio ni kizito. Unavuta, unavuta,
unasikia gurudumu likigeuka, jino, jino,
sauti ninayoijua kuliko jina langu,
na kati ya jino na jino nawaza:
aliyeishika kabla ya Lobo,
naye alivuta hadi mwisho?
Na mbele yake palikuwa na karatasi?

Ndipo inalia. Kunguru wote wa machimbo hewani.

Inapiga juu, kushoto. Sijui nani aliipinda.
Ukitaka moyo wa karatasi
lenga chini kidogo, kulia, pasipo na kitu.
Ilinichukua miezi minne kuamini,
mimi ninayegombana na wateja juu ya sekunde.

Leo mbili ndani, tatu pembeni,
na moja Lokeno haioni kabisa.
"Imeenda Ruai," anasema. Hacheki.
Kisha anadai maganda. Nahesabu: matano.
Hatoki mtu hapa bila la sita,
basi tunapiga magoti, wazee wawili,
tunapapasa changarawe, tunapuliza vumbi,
vijana wanatutazama kwa huruma,
mpaka linapatikana, bado na joto,
katika pindo la suruali yangu.

Jioni nanawa mara mbili kwa sabuni ya kipande.
Syokau anapakua muthokoi, ananusa hewa, haulizi.
Chini ya ukucha imebaki nyeusi kidogo.
Jumatatu yuko mama atakayeleta saa ya marehemu babake,
imesimama tangu mazishi.
Ataniuliza kama mkono wangu bado hautetemeki.
Nitamwambia aketi.