Tisa na Tisa

Ajida Zihalirwa amemwaga risasi juu ya shuka,
depo ya Kadutu, bati linapigwa na mvua.
"Chambua," ananiambia.
Nachambua. Zote njano, zote fupi,
zote zinaitwa tisa.

Anacheka puani. Anatoa kipimo cha chuma,
meno yake yanaiuma ya kwanza, kisha ya pili:
hii imerefuka kwa milimita moja,
ile fupi, lakini kichwa chake kinene,
kimezidi labda kwa karatasi mbili.
"Karatasi mbili," nasema, "nazo ni kitu?"

Ananionyesha mkono wa kushoto.
Kidole gumba kipo. Cha pili, nusu.
Usiku ule Walungu, gizani, alipapasa mfukoni,
akapata tisa, akaishindilia
ndani ya bastola iliyotaka tisa nyingine.

Sikuuliza tena.
Nimeandika juu ya makopo ya maziwa ya unga:
KUMI NA NANE. KUMI NA TISA.
Hata mkono wangu unatetemeka kwenye "nane".

Jioni mama ananituma kwa Furaha.
"Furaha yupi?" nauliza,
na nasimama mlangoni
mpaka anijibu.