Mlango wa Themanini

Saa tisa usiku, Šiauliai, theluji ya Machi imeziba madirisha
na mimi nahesabu hodi ambazo hakuna aliyezisikia.
Nyumba elfu kumi na nne zimelala.
Ruta zao zakonyeza kijani juu ya makabati,
kando ya funguo, kando ya dawa ya kikohozi,
na kila moja inabishiwa hodi
na taa ya chumba cha watoto huko Recife,
na friji iliyoambukizwa Daegu,
na kamera ya duka la viatu lililofungwa mwaka juzi
ila hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya.
Hazina chuki. Hazijui hata kwamba zinabisha.
Zinauliza tu: ishirini na tatu, u wazi?
Mia nne arobaini na tano, na wewe je?
kama mlevi anayejaribu ufunguo mmoja
kwenye kila mlango wa ghorofa.

Mimi ndiye nisemaye hapana.
Wala sisemi. Kukataa kwetu ni kunyamaza:
pakiti inafika, inaangushwa, haizikwi.
Anayebisha hajui kama nyumba ipo.
Aliyelala hajui kama amebishiwa.
Kazi yangu ikienda vizuri, hakuna kilichotokea,
na nani hushukuru kwa kisichotokea?

Jumanne akapiga simu Rimgaudas,
mstaafu, fundi wa breki za treni.
"Binti, nani alikutuma ufunge mlango wangu?"
Ana njiwa. Ana kamera juu ya kiota.
Anataka Ugnė, mwanawe aliyeko Bergen,
aone makinda bila kupitia kwa mtu.
Wiki tatu amehangaika: kabadili waya,
kanunua ruta mpya, kagombana na jirani,
kumbe ni mimi.

Nilitaka kumsomea kifungu cha tisa cha mkataba.
Nilitaka kumsimulia ule mwaka
mtaa mzima ulipogeuka jeshi la mtu usiyemjua
na vyombo vya jikoni vikawa askari.
"Ukuta wenu sikuuomba," alisema,
"na bado kila mwezi naulipia."

Nikafungua. Mlango wa themanini, anwani moja, kwa sahihi yake.
Nikakaa kutazama.
Sekunde ya kumi na moja, mgeni wa kwanza. Si Bergen.
Kulipokaribia kucha walikuwa mia tisa na watatu,
wote wakijaribu nywila ya kiwandani
kwenye banda la njiwa.
Aliibadilisha? Nilimwambia aibadilishe.
Nilimwambia mara mbili.

Saa kumi na mbili na dakika nne, hodi moja kutoka Norwe.
Haikupapasa kufuli, haikuzunguka uani.
Ikaingia, ikakaa dakika arobaini
ikitazama yai.

Hilo sikuliandika kwenye ripoti.
Ripoti ina safu moja tu,
ya waliozuiwa.