Pingili Mia na Kumi na Nane

Nimeingia na kipande chake mfukoni,
pingili mbili na pini iliyokatika,
nimekifunga kwa gazeti kama jino la mtoto.
Nyamizi anakifungua juu ya kaunta,
anakigeuza kwenye mwanga wa mlango.
"Hii ilikufa zamani," anasema.
"Wewe tu ndiye hukupewa taarifa."

Mimi taarifa niliipata Jumanne,
korongoni, kabla hujafika Kayenze,
tope hadi ekseli, boksi la chanjo mgongoni.
Nikavuta mafuta, injini ikalia,
gurudumu likakaa kimya.
Nilipogeuka niliiona nyuma yangu,
imelala kama mkanda wa mtu aliyekimbia.

Barafu iliyeyuka saa nane.
Kuku wa Mbuke walikuwa wanasubiri tone la jicho.
Mdondo haukusubiri.
Wiki iliyofuata banda lilikuwa na manyoya
na bakuli la maji lisilopungua.

Kwa hiyo leo nauliza kila kitu.

Nyamizi anazimwaga cheni tatu juu ya kaunta.
Ya kwanza ina rangi ya dhahabu;
vijana wa Nyakato wanaipenda,
kwenye picha inatoka vizuri.
Anaishika ncha moja, ameilaza ubavu,
anaiachia hewani:
inainama kama mkono wa mgonjwa.
"Mpya hiyo," anasema, "sasa fikiria ikizeeka."

Ya pili nyeusi, nene, haina mipira.
Inafaa, kama kila jioni utaipaka mafuta
na hutapita tena kwenye ule mchanga
wanakoanika dagaa.
Nacheka. Ule mchanga ndiyo barabara yangu.

Ya tatu ya kijivu, haina urembo wowote.
Kila pingili ina vijipira vyake,
vimeifungia grisi ndani kama kizibo cha chupa.
Naipinda: nzito, inakataa kidogo, halafu inakubali.
"Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini.
Petroli usiisogeze. Mipira itavimba,
halafu utakuja kunitukana."

Laki na kumi.

Ofisi imeandika: cheni, moja, elfu arobaini.
Ofisi haijawahi kuvuka korongo.

Natoka nje, naitazama pikipiki.
Nyamizi ananifuata na tochi,
anamulika sproketi ya nyuma:
meno yameinama yote upande mmoja
kama mahindi baada ya upepo wa ziwani.
"Ukivisha cheni mpya hapo,
haya yataitafuna kabla ya Krismasi."
Namwambia aache kuongea.
Anaacha. Meno yanaendelea.

Kwenye simu nina pesa ya mabati,
jiko la mama, Nansio, linavuja upande wa mafiga.
Nampigia. Namweleza kuhusu cheni, mipira, meno.
Kimya. Kisha: "Sasa hiyo cheni inazuia mvua?"
Nasema hapana.
"Nunua. Sufuria la kukingia ninalo."

Basi tunahesabu, mimi na Nyamizi,
kidole chake kikifuata changu,
mia na ishirini kutoka kwenye boksi.
Yangu inataka mia na kumi na nane.
Anazikata mbili za mwisho kwa jiwe la moto,
cheche zinaruka hadi kwenye kandambili zake,
hashtuki.
Klipu anaivalisha mwenyewe:
mdomo wazi utazame nyuma,
usipokee safari kwa meno.
Anaacha ulegevu wa vidole viwili.
"Ikikazwa sana inakatika. Ikilegea sana inaruka.
Na mimi nafunga saa kumi na moja."

Zile mbili alizokata nimeziweka mfukoni,
kwenye gazeti la zile za kwanza.

Alhamisi korongo lilipita chini yangu
bila neno.
Mbuke alisimama mlangoni, akaangalia boksi,
akainama akaangalia cheni kwa muda mrefu,
hakunisalimu.
Kisha akaleta kikapu.
Vifaranga saba, vya kuazima kwa shemeji.
Akashika cha kwanza, akakigeuza kichwa.

Tone moja. Jicho moja.