Kijiko Kichwani

Ijumaa saa nne asubuhi
Oiva Kemppainen hukung'uta theluji kwenye buti
mlangoni mwa benki yetu hapa Kemi,
huvua kofia, huchukua namba ya foleni
ingawa foleni ni yeye peke yake.

Mara ya kwanza: yuro mia mbili.
Nikamuuliza ni za nani, kazi inanitaka niulize.
"Mchumba," akasema, masikio yakamwiva.
Ana miaka sabini na moja,
thelathini na minane aliimaliza kiwandani akipika karatasi,
na tangu wamzike Sirkka
amekuwa akinunua mkate nusu.

Akanionyesha simu.
Marleen, daktari wa meli ya mizigo, mjane,
apendaye mvua, mbwa na ukweli.
Nani hapendi mvua, mbwa na ukweli?

Mara ya pili: mia tisa. Mizigo imezuiliwa forodhani.
Mara ya tatu: elfu mbili na mia nne,
upasuaji wa mpwa
ambaye wiki iliyotangulia alikuwa mdogo wake.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
lakini Kemi mwezi Januari ni mawingu matupu;
mtu huzoea, akaacha kutazama juu.

Nikainama kwenye kioo, nikashusha sauti:
Oiva, kamera yake mbovu tangu Oktoba
lakini picha zinafika safi kama za kalenda.
Kidoto kiko shavu la kushoto, Krismasi kimehamia la kulia.
Alikupenda siku ya tisa, akakwama siku ya kumi na moja,
na kila akikwama, mlango wa kutokea ni pochi yako.
Daktari gani anaomba kadi za zawadi,
ukwangue, umsomee tarakimu?

Hakunijibu. Akavaa kofia kinyumenyume, akatoka.

Usiku huo, alinieleza baadaye,
alifungua droo ya jikoni na kumwandikia:
*Chukua kijiko. Kiweke kichwani. Piga picha, nicheke.*
Ombi dogo. Sirkka angeweka sufuria.

Kimya, dakika arobaini.
Kisha ukurasa mzima: Huniamini?
Baada ya yote niliyokupa?
Wewe ni kama wanaume wengine.
Na chini kabisa, bila hata kuvuta pumzi,
namba mpya ya akaunti.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.
Huyu hakuwa nyoka. Alikuwa mzee aliyekaa
na kijiko chake mwenyewe utosini,
akijitazama kwenye dirisha jeusi.

Ijumaa akaja. Mia tatu, zile zile, kule kule.
Nikaondoa mikono kwenye kibodi.
"Oiva. Unajua."
"Najua," akasema. "Tangu ya tatu, nadhani.
Lakini kila jioni saa kumi na mbili aliniuliza kama nimekula.
Nilikuwa nalipia swali."

Tuliifunga njia ile ya fedha pamoja.
Polisi waliandika, wakapiga muhuri, wakasema watapiga simu.
Elfu tatu na mia tano hazijarudi;
sitakudanganya kwamba zitarudi.

Bado huja, saa nne, na namba yake ya foleni.
Hana la kutuma. Huangalia salio, kama mtu apimaye homa.
Mimi huchapa, huchapa,
na kabla sijamrudishia kadi, bila kumtazama usoni:
umekula?

Viazi, husema. Au: bado.
Wiki iliyopita alisema, "Na wewe?"
na nikagundua sikuwa na jibu tayari.