Sampuli ya Tisa

Gunia limefika na basi la Urambo,
limefungwa kwa kamba, na kamba yenyewe ni kielelezo.
Majani makavu, vidole saba, mengine vitano,
meno pembeni kama msumeno.
Koplo Ngasa ananusa, anacheka:
"Dada, hii nayo inahitaji mashine?"

Pua yake imefunga watu wengi.

Jalada lasema: Milembe Kapalata, wa Ussoke,
msuka kamba, miaka hamsini na miwili.
Kauli yake haijazi hata mistari miwili:
Hii ni katani. Nafungia marobota ya tumbaku.
(Tumbaku haina kesi. Tumbaku ina mizani,
ina muhuri, ina chama cha msingi.)

Katani! Neno gani hili tulilojipa?
Mkonge katani, na huyu mwembamba wa kijani katani,
na nduguye wa toka nitoke ndiye bangi:
sura moja, harufu moja,
ila mmoja hufunga mzigo,
mwenzake hufungua kichwa.

Nasaga jani. Naliosha kwa chumvi na spiriti
mpaka unabaki utelezi kama kamasi,
na ndani ya utelezi, nasaba.
Sipimi ulevi. Ulevi huja na jua,
huja na umri wa mmea, hupungua njiani.
Natafuta alama iliyokuwa ndani ya mbegu
kabla Milembe hajashika jembe.

Umeme ukakatika saa saba na robo.
Jeli ikalala gizani kama uji wa muhogo uliopoa,
nami nikakaa nayo, nikihesabu mabehewa
ya treni ya mizigo inayoacha Tabora,
hadi jenereta ilipokohoa.

Kisha taa ya zambarau. Vistari.
Mstari wa juu ni wa kamba.
Ya kwanza juu. Ya pili, ya tatu juu
(nilianza kutabasamu, mtu hakatazwi),
mpaka ya nane, juu.
Ya tisa ina mistari yote miwili.

Nikarudia. Nikabadilisha maji, nikabadilisha glavu.
Miwili.
Kumbe upepo ulipita shamba la mtu mwingine,
ukabeba chavua, haukubisha hodi.
Mtoto wa huku na huku,
kama mimi, baba Mnyamwezi, mama Muha wa Kasulu,
kila msiba naulizwa nikae na upande gani.

Fomu ina visanduku viwili.
Nimeandika pembeni, herufi zikabanana:
Nane ni za kamba. Moja ni ya pande mbili.
Aliyepanda hakuwa na jicho la kuijua.
Nami sina. Nina taa.

"Sasa ni bangi au si bangi?" Koplo anauliza,
kalamu juu, kofia tayari kichwani.

Nalifunga gunia kwa kamba ile ile,
najaribu fundo la Milembe kama nilivyolikuta.
Linanikatalia mara mbili.