Mtandao wa Wageni

Seva yetu ni kompyuta kuukuu, kioo kimepasuka.
Mwanakheri ameilaza chini ya ngazi
baina ya kifyonza vumbi na viatu vya mvua,
inanguruma kama paka aliyeshiba.
Humo mna harusi yetu, saa tatu na dakika kumi,
mna sauti ya marehemu baba yake akisoma madeni ya duka,
vitu alivyovitoa kwenye kanda za zamani
usiku baada ya usiku, kabla sijaja.

"Angalia kwa simu yako," aliniambia
akivaa koti juu ya sare ya hospitali.
"Haipiti intaneti. Haivuki kizingiti.
Ni ya humu ndani tu."
Mlango ukafungwa.

Rochdale, Novemba, saa tatu usiku,
mvua ile isiyonyesha wala isiyokatika.
Nikakaa kwenye ngazi, ya nne kutoka chini,
karatasi ya mlango wa friji gotini, mwandiko wake:
mia na tisini na mbili, nukta,
mia na sitini na nane, nukta,
moja, nukta, ishirini,
kisha nukta mbili zilizobebana,
kisha elfu nane na tisini na sita.
Nikabonyeza kama mtu anayehesabu pesa za watu.

Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
*Seva haikupatikana.*

Haikupatikanaje, nami nimeikalia?
Nikafungua kijimlango, nikaielekezea simu
kama anayejulisha watu wawili:
huyu ni huyu, na huyu ni huyu.
Taa ya kijani ikanikonyeza, isiseme neno.

Wakati huo huo dada yangu wa Korogwe
(wifi kupitia wifi)
akanituma video ya mbuzi wake kazaa mapacha.
Ikafunguka kabla sijapepesa.
Mbuzi amevuka Sahara na bahari mbili.
Hii ya chini ya ubao mmoja, haifiki.

Nikaanza kumshuku mke wangu. Niseme kweli:
kwamba kaifunga, kwamba mna jambo humo.
Upweke una akili nyingi baada ya saa sita.

Ndipo nikaingia kwenye mipangilio,
pahala sijapagusa tangu uwanja wa ndege wa Manchester
na safari ya teksi, na yeye, macho mekundu ya zamu,
akiniunganisha haraka haraka sebuleni
nimpigie mama, niseme nimefika.
Jina la mtandao wangu:
*Mwanakheri-Wageni*.
Na chini yake, lenye kufuli:
*Mwanakheri*.

Miezi mitano.
Najua kigae kipi cha bafu kinacheza.
Bi Maureen wa pili huniachia ufunguo na paka wake.
Kumbe hewani, pasipoonekana, nimekaa barazani:
nimepewa dunia nzima, sikupewa chumbani.
Wahenga walisema siku mbili, ya tatu jembe.
Mimi kifyonza vumbi nilikishika siku ya kwanza.
Ruta haikuambiwa.

Sikumpigia; wodini simu hulala kabatini.
Niliandika tu: *Nywila ya nyumbani ni ipi?*
Jibu likaja saa kumi alfajiri, mapumziko ya chai.
*Hukuwa nayo?*
Kisha: *Jamani. Jamani, nisamehe.*
Kisha: *Mtaa tulioonana mara ya kwanza. Herufi ndogo, usiache nafasi.*

Nikaandika: chumbageni.
Nikacheka peke yangu gizani hadi ngazi ikalia.

Kiduara hakikumaliza hata mzunguko mmoja.

Saa mbili asubuhi ufunguo ukazunguka mlangoni.
Akavua viatu, akavipanga pembeni ya seva,
akaketi ngazi ya tatu, mgongo kwenye magoti yangu,
ananuka sabuni ya hospitali na ukungu.
"Umefika wapi?"
"Ndio kwanza wanapakua pilau," nikamwambia,
nikamsogezea simu.